Mkrismasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuupanda na kuutunza

Mkrismasi (Delonix regia) ndio mti unaozitia wekundu barabara za Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Mombasa mwaka unapoelekea ukingoni. Hapa chini tumeanza na mbegu, tukapita kwenye mche na kuchanua, tukamalizia na mti mzima. Malalamiko mengi yanayotolewa juu ya mti wa miaka 15 huwa na mizizi yake katika miaka 5 ya kwanza, na ni mambo mawili tu: ulipandwa wapi, na matawi yake ya kwanza yaliachwaje. Kwa hiyo majibu ya maswali hayo mawili ni marefu kuliko mengine.

Asili yake ni wapi?

Madagaska, kwenye misitu mikavu ya magharibi na kaskazini mwa kisiwa hicho. Wataalamu wa mimea waliuandika rasmi mwaka 1829, na tangu hapo umesambazwa karibu kila nchi yenye joto. Ni wa jamii ya mikunde, ndiyo maana huzaa maganda yanayofanana na ya maharage, ila haya ni magumu kama mbao na hufika sentimita 50 au zaidi.

Afrika Mashariki tuna ndugu yake wa asili, Delonix elata, anayeota kwenye nyika kavu. Maua yake ni meupe na hugeuka manjano yanapozeeka. Kama eneo lako ni kavu kupita kiasi, ndugu huyu anafaa kufikiriwa kwanza.

Muuza miche anauita mjohoro. Ni mti uleule?

Inategemea uko wapi. Kwa Watanzania wengi mjohoro ni Senna siamea, wenye maua ya njano na majani yasiyopukutika yote kwa pamoja. Kenya wapo wanaoita mkrismasi mjohoro, na wengine huuita mkakaya. Usibishane naye, tazama jani. La mkrismasi limegawanyika mara mbili: kikonyo kirefu chenye vijiti pembeni, na kila kijiti kimebeba vijani vidogo visivyozidi sentimita 1 hivi. La mjohoro limegawanyika mara moja tu, na vijani vyake ni vikubwa, vya sentimita kadhaa. Hata mche wa urefu wa kiganja unatosha kukuonyesha tofauti hiyo.

Unakua kwa kasi gani, na mwisho wake ni ukubwa gani?

Pwani, penye jua na udongo usiotuamisha maji, tegemea mita 1 hadi 1.5 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo. Mti mzima huwa na urefu wa mita 10 hadi 15, lakini kipimo cha kukusumbua ni upana. Matawi hutanda kuliko mti unavyopanda juu, na mwavuli wa mita 15 kwenda pembeni si jambo la ajabu. Watu hupanda mche wa sentimita 40 kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 wakaona pametosha. Baada ya miaka 12 nusu ya kiwanja iko chini ya mti, na robo ya paa la jirani nayo imo.

Utastawi kwetu?

Unapenda jua la siku nzima, joto, na mvua ya milimita 700 kwenda juu kwa mwaka. Ukishashika mizizi huvumilia miezi mitano au sita ya kiangazi bila shida, na Dodoma ni ushahidi tosha. Upepo wenye chumvi kiasi huustahimili, japo si mti wa kupanda ufukweni penyewe.

Haupendi baridi. Nairobi na Arusha huota, ila hukua polepole na maua huwa machache kuliko pwani. Kwenye nyanda za juu zinazopata jalidi, kama Njombe, mche huungua ncha kila mwaka na hatimaye hukata tamaa. Kwa maeneo ya namna hiyo panda jakaranda, utafurahi zaidi. Sehemu kubwa ya Ulaya ni mti wa ndani ya nyumba ya vioo, kwenye chungu kikubwa, na usitarajie maua.

Jambo la pili linaloushinda ni maji yaliyotuama. Udongo wa mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kushika maji masika utaozesha mizizi yake. Kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 50, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha lijaze tena. Kama maji ya mara ya pili bado yapo kesho yake asubuhi, tafuta sehemu nyingine au panda juu ya tuta lenye kimo cha sentimita 30 na upana wa mita 2.

Niupande umbali gani kutoka kwenye nyumba?

Mita 10 kutoka ukutani ndiyo tunayoshauri, na chini ya mita 8 tusingepanda. Sababu si moja.

Kwanza, mizizi. Mkrismasi hauna tabia ya kuzamisha mizizi yake. Mingi hutambaa sentimita 10 hadi 30 chini ya uso wa ardhi na hufika mbali kupita ncha za matawi. Kadiri unavyonenepa ndivyo inavyoinua chochote kilicho juu yake: vigae vya uani, sakafu nyembamba ya zege, vitofali vya njia ya gari. Mti mkubwa pia huota mizizi bapa iliyosimama kwenye kitako cha shina, na kitako hicho peke yake kinaweza kumeza mita 2 za ardhi.

Pili, matawi. Mbao yake ni laini na dhaifu, na mvua za kwanza zenye upepo hukuta mti umevaa majani mapya mazito yaliyolowa. Hapo ndipo matawi hukatika. Tawi la mita 6 likianguka linahitaji nafasi ya kuanguka.

Vipimo vingine: mita 5 kutoka ukuta wa uzio au njia ya zege, mita 10 kutoka shimo la maji taka na mabomba ya zamani yanayovuja (mizizi hufuata unyevu, na bomba linalovuja ni mwaliko), mita 10 hadi 12 kati ya mti na mti. Chini ya nyaya za umeme usipande kabisa. Mafundi wakija kusafisha njia ya nyaya hukata katikati ya mwavuli, na mti uliokatwa hivyo haurudii umbo lake tena.

Kama kiwanja ni mita 15 kwa 20 na nyumba tayari ipo, jibu la kweli ni kwamba huu si mti wako. Kipo kimkrismasi kidogo, Caesalpinia pulcherrima, kichaka cha mita 3 chenye maua ya nyekundu na njano, kinachotosha uani bila kumkosesha mtu usingizi.

Nimepanda mbegu 30, mwezi umepita, haijaota hata moja. Nilikosea wapi?

Yawezekana mbegu zako ni nzima, ila ganda halijapitisha maji. Ganda hilo ni gumu kiasi kwamba mbegu iliyoachwa hivihivi inaweza kukaa ardhini miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, ikiwa hai na bila kuota. Lazima ulifungulie njia. Njia ni mbili.

Maji ya moto: chemsha maji, yaipue, subiri dakika moja au mbili, kisha yamimine juu ya mbegu zilizo kwenye bakuli. Maji yawe mara tano au zaidi ya ujazo wa mbegu. Ziache humo mpaka kesho yake. Zilizovimba zimeshakunywa, zipande siku hiyohiyo. Ambazo hazijavimba zirudie. Kosa la kawaida ni kuchemsha mbegu pamoja na maji jikoni: hapo unazipika, kiini kinakufa, na ukizipanda zinaoza.

Kukwangua: shika mbegu kwa koleo, kisha kata kipande kidogo cha ganda kwa kikata kucha au isugue kwenye msasa mpaka uone weupe wa ndani. Fanya hivyo ubavuni au kwenye ncha iliyo mbali na jicho la mbegu, kwa sababu mzizi hutokea upande wa jicho na ukikwangua hapo unaujeruhi. Kisha loweka kwenye maji ya kawaida saa 24. Inachosha kwa mbegu 500, lakini kwa mbegu 20 ndiyo njia ya uhakika, na unaziona zinavimba zote hadi karibu mara mbili ya ukubwa wake.

Mbegu iliyotayarishwa hivyo huchomoza kati ya siku 5 na 12. Baada ya wiki 3 usiisubiri tena.

Niandae vipi udongo wa kitalu?

Sehemu 3 za udongo wa msituni au wa juu wenye rutuba, sehemu 2 za samadi iliyooza vizuri, sehemu 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi; ikiwa bado ina joto au harufu kali, haijawa tayari. Tumia viriba (mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche) vya kipenyo cha sentimita 10 na kina cha sentimita 20 au zaidi, vyenye matundu chini. Mbegu izame sentimita 1.5 hivi, ikilala ubavu.

Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Weka kivuli chepesi cha makuti au wavu kwa wiki 3 za kwanza, kisha kipunguze hatua kwa hatua, na wiki 3 za mwisho kabla ya kupanda mche ukae kwenye jua kamili na maji yapunguzwe. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja hadi kwenye jua la Dodoma hubabuka majani yote ndani ya siku mbili.

Sogeza viriba kila baada ya wiki 3 au 4 na ukate mizizi iliyotokeza chini. Miche hukua haraka, na ndani ya miezi 3 hadi 4 inakuwa na sentimita 30 hadi 50, tayari kupandwa. Ikikaa kitaluni miezi minane, mzizi mkuu hujizungusha ndani ya kiriba. Mti wa namna hiyo huonekana mzuri miaka mitatu, halafu siku moja upepo unaung'oa na unakuta chini kuna fundo la mizizi isiyoenda popote. Kwa hiyo ukinunua, mche mrefu wenye shina nene kwenye kiriba kidogo si bei nzuri hata ukipewa bure.

Naweza kupanda tawi badala ya mbegu?

Inawezekana, kwa kipandikizi cha tawi lililokomaa la sentimita 30 na unene wa kidole gumba, lakini wengi hufa. Faida yake ni moja: unapata rangi ileile ya mti mama, nyekundu iliyokolea, ya chungwa, au ile adimu ya njano, na kuchanua huanza mapema. Mti wa mbegu unaweza kutoa rangi tofauti kidogo na mama yake. Kwa mtu asiyetafuta rangi maalumu, mbegu inatosha.

Shimo la kupandia liwe vipi?

Sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, lichimbwe wiki 2 au 3 kabla ya mvua. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia. Udongo wa juu changanya na debe moja la samadi iliyooza, na huo ndio unaorudi kwanza. Udongo wa chini utumie kujenga kingo za beseni la maji.

Panda mvua zikishashika, wakati unyevu umeingia sentimita 30 ardhini. Chana kiriba chote na ukitoe. Tumeona miti ya miaka miwili ikiwa bado imevaa plastiki chini ya ardhi. Pale shina linapokutana na mizizi pawe sawasawa na uso wa ardhi. Ukizika shina sentimita 10, gome huoza kwenye kitako. Shindilia kwa mkono, si kwa kisigino cha buti, halafu mwaga lita 20 hata kama kunanyesha, ili udongo ukae na mapovu ya hewa yatoke.

Tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 8, kwa duara la mita 1, na uache kiganja kimoja cha nafasi wazi kuzunguka shina.

Maji kiasi gani?

Miezi miwili ya kwanza mvua ikikatika: lita 20 mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo mpaka kiangazi cha kwanza kiishe: lita 20 mara moja kwa wiki, na kwenye mchanga wa pwani mara mbili. Mwaka wa pili lita 40 kila baada ya wiki 2 katika kiangazi. Mwaka wa tatu acha.

Kumwaga lita 2 kila jioni kwa mpira ni kazi ya bure. Maji hulowesha sentimita chache za juu, na mizizi ambayo tayari inapenda kukaa juu haipati sababu ya kwenda chini.

Mbolea ya dukani inahitajika?

Kwenye udongo wa wastani, hapana. Debe moja la mboji au samadi juu ya duara la mizizi kila mwanzo wa mvua, kwa miaka 3, linatosha. Yurea tunaikataa moja kwa moja: inasukuma matawi marefu laini yasiyobeba uzito wake, na inachelewesha maua.

Mche wangu una mita 2.5, mwembamba, hauna tawi hata moja. Nikate kichwa ili utawanyike?

Usiukate! Hiyo ndiyo tabia yake utotoni, na ni bahati yako. Shina moja lililonyooka hadi mita 2.5 au 3 ndilo unalolitafuta. Ukikata kichwa kwenye mita 1.5, vitachipuka vichipukizi vitatu au vinne kutoka sehemu moja, vyote vikitaka kuwa shina, na umejitengenezea mti wa kupasuka katikati.

Ukiinama sana, uweke nguzo. Funga kwa kitambaa au mpira wa baiskeli kwenye theluthi ya chini ya shina, legevu, shina liweze kucheza na upepo, kwa sababu kule kutikisika ndiko kunakolinenepesha. Nguzo itoke baada ya mwaka mmoja. Waya haufai hata kwa wiki moja. Shina hunenepa haraka na waya huzama kwenye gome.

Nipogolee vipi miaka ya mwanzo?

Lengo ni shina moja mpaka mita 2.5 (mita 4 kama gari zitapita chini), kisha matawi makuu manne au matano yaliyopishana kwa kimo, sentimita 40 au zaidi kati ya moja na jingine, kila moja likielekea upande wake.

Kila mwaka, mpaka mwaka wa 6 au 7, simama chini ya mti utazame vitu vitatu.

Panda za herufi V. Pale matawi mawili yenye unene sawa yanapoachana kwa pembe nyembamba, gome hubanwa katikati yao na mbao haziungani. Utaona mstari mweusi uliozama badala ya tuta la gome lililoinuka. Panda ya namna hiyo haiponi. Chagua tawi moja, lingine lifupishe kwa nusu mwaka huu ili lipunguze mwendo, na mwakani liondoe.

Matawi yanayolingana na shina. Tawi lisizidi nusu ya unene wa shina mahali linapotokea. Shina likiwa na sentimita 12 hapo na tawi lina 8, tawi hilo lipunguze urefu.

Matawi ya chini. Usiyaondoe yote kwa mkupuo. Yafupishe kwanza, yaendelee kulinenepesha shina, kisha yakate yakiwa bado chini ya sentimita 4. Jeraha la ukubwa huo hufunga. Jeraha la sentimita 20 kwenye mkrismasi halifungi kamwe, maji hukaa humo, na baada ya miaka michache una shimo ndani ya shina.

Wakati: baada ya maua kwisha na kabla ya masika, yaani Januari mwishoni na Februari. Mtu anayepogolea Agosti au Septemba, mti ukiwa uchi na rahisi kuuona umbo, anaondoa ncha ambazo zingebeba maua miezi miwili baadaye. Matawi yaliyokufa yanaondolewa wakati wowote.

Na tawi nene linakatwaje bila kuchana shina?

Kwa mikato mitatu. Mkato wa kwanza piga kutoka chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie theluthi moja ya unene. Wa pili piga kutoka juu, sentimita 5 mbele ya ule wa kwanza; tawi litaanguka bila kuchanika hadi shinani. Wa tatu ondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulipo kati ya tawi na shina. Uvimbe huo ndio unaotengeneza gome jipya, ukiukata umeondoa dawa ya jeraha. Usipake rangi wala lami juu yake, huzuia unyevu kutoka na kuvu hufurahia.

Kukata matawi yote makuu yabaki visiki, kama inavyofanywa mitaani kila mwaka, kunatoa vichipukizi vingi vilivyoshikilia gome la juu tu. Miaka minne baadaye vina urefu wa mita 5 na vinaanguka kimoja kimoja.

Umepukutisha majani yote. Umekufa?

Kama ni Julai hadi Oktoba, sivyo. Huo ni mti wa kupukutisha, na kiangazi hubaki matawi matupu yenye maganda meusi yanayogongana kwa upepo. Penye unyevu mwaka mzima unaweza kubaki na nusu ya majani. Kwangua gome la kijiti kwa ukucha: kijani chini yake maana yake uhai, kahawia kavu maana yake kijiti hicho kimekufa, endelea kushuka mpaka ukutane na kijani.

Ukipukutisha katikati ya masika ndipo uwe na wasiwasi. Anza kwa kuchunguza maji yaliyotuama, kisha kitako cha shina.

Na vijani kujikunja saa 12 jioni si ugonjwa. Hulala usiku na kufunguka asubuhi.

Una miaka saba na haujawahi kutoa ua. Kwa nini?

Wa mbegu huanza kuchanua miaka 4 au 5 ukipata mazingira mazuri, lakini kusubiri mpaka 8 au 10 hutokea, hasa kwenye miinuko. Kama umri umepita, sababu za kawaida ni: kivuli cha jengo au cha mti mwingine kwa nusu ya siku, kumwagilia kiangazi chote, hivyo mti haupati ukame unaousukuma kuchanua, mbolea ya naitrojeni, mara nyingi iliyokusudiwa nyasi za bustani, na kupogolea wakati mbaya. Ya pili ndiyo tunayokutana nayo zaidi kwenye bustani za hoteli na ofisi. Ukifunga maji kuanzia Julai, tazama Novemba.

Ua lenyewe, ukiliokota, lina petali tano. Nne ni nyekundu na zimepinda kando. Ya tano imesimama peke yake, kubwa kidogo, nyeupe au manjano yenye michirizi na madoa mekundu, kana kwamba ilichorwa mwisho. Ndege chozi, vipepeo na nyuki hulijia.

Mbona Maskati na Miami unachanua Mei?

Kwa sababu huko wako upande wa kaskazini, na joto lao linapanda wakati letu linashuka. Mti huchanua kuelekea majira ya joto ya mahali ulipo: Oktoba hadi Januari kwetu, Mei hadi Julai Omani, Falme za Kiarabu na Florida. Mbegu kutoka Tanga ikipandwa Maskati hufuata kalenda ya Maskati. Tofauti nyingine ni maji: Ghuba hauishi bila umwagiliaji, kwa hiyo huko hupunguza maji mwishoni mwa kipindi cha baridi, hawayafungi kabisa.

Nyasi hazioti chini yake. Nifanye nini?

Usishindane. Mizizi ya juu hunywa maji yote, kivuli ni cha miezi minane, na vijani vidogo hufunika kila kitu. Weka matandazo, au changarawe na benchi.

Mizizi imeinua vigae. Naweza kuikata?

Mzizi wa unene wa kidole gumba, ndiyo. Mzizi wa unene wa mkono, pima kwanza. Chukua kipenyo cha shina, kizidishe kwa 5: ndani ya umbali huo usikate kitu. Shina la sentimita 50 lina mita 2.5 kila upande zisizoguswa. Nje ya hapo kata upande mmoja tu, kwa msumeno mkali, na upande mwingine usubiri miaka mitatu. Mti uliokatwa mizizi pande mbili husimama vizuri kiangazi chote, halafu hulala na mvua za kwanza ukiwa mzima na majani yake.

Mara nyingi ni rahisi zaidi kusogeza vigae. Ondoa zege, weka mchanga na vitofali vya kupanga ambavyo unaweza kuvifumua na kuvipanga upya kila baada ya miaka michache.

Wadudu na magonjwa ya kuangalia ni yapi?

Mchwa kwenye miche: weka matandazo mbali na shina, usizike vijiti vikavu shimoni, na mwaka wa kwanza usiache mche upate kiu, maana mche dhaifu ndio unaoshambuliwa. Ukilazimika kutumia dawa, itumie kwa kipimo cha kwenye kibandiko, ardhini tu, na usitumie dawa inayopanda ndani ya mti unapokaribia kuchanua. Nyuki watakula sumu hiyo.

Viwavi wanaweza kula majani ya mche kwa wiki moja. Waokote kwa mkono au nyunyiza maji ya mwarobaini jioni. Mti mkubwa huchipua wenyewe.

La hatari ni uyoga mgumu unaotokeza kama rafu kwenye kitako, juu kahawia, ukingo mweupe. Ukiuona, mizizi na kiini cha shina vimekwisha kuoza kwa muda mrefu, na kuung'oa uyoga huo hakubadilishi kitu. Gonga shina kwa nyundo ya mbao. Likitoa sauti ya mtungi mtupu na mti uko karibu na watu, uondolewe. Dawa hakuna.

Una sumu?

Hauhesabiwi miongoni mwa miti yenye sumu kali, ila mbegu zake si chakula, na kwa mtoto mdogo ni za ukubwa wa kumkaba koo.

Nikiukata utachipua tena?

Ndiyo, kisiki huchipua kwa nguvu. Kama hutaki, chimba kitako chote au rudi kung'oa vichipukizi kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kabla ya kukata mti ulio kando ya barabara, uliza halmashauri, kwa sababu mti huo si wako hata kama wewe ndiye unayeufagilia. Mbao yake haifai kujengea. Mchwa huimaliza upesi. Kuni zake huwaka haraka na haziachi makaa mengi, na maganda makavu hufaa kuwashia moto.

Nikusanye mbegu lini?

Maganda yakishakuwa kahawia iliyokolea na mbegu zinacheza ndani ukiyatikisa, kwa kawaida kuanzia Julai. Hubaki mtini miezi mingi, kwa hiyo hakuna haraka. Yapasue kwa nyundo kwenye ukingo wake, kila ganda litakupa mbegu 20 hadi 40. Tupa zilizotobolewa na zilizokunjamana. Kilo moja ina mbegu zaidi ya 2,000, na zikikaa kwenye chupa kavu iliyofungwa, mahali penye ubaridi, zitaota hata baada ya miaka kadhaa. Andika mwezi na mti ulikozitoa kwenye chupa, maana rangi ya maua hutaiona kwa kutazama mbegu.